Kidonge Mkononi mwa Dada

Koti lilikuwa na joto.

Halikuwa joto la pasi, kwa sababu koti lile halijaguswa na pasi tangu mwaka uliopita. Wala halikuwa joto la jua, maana lilitundikwa kwenye kona ya nyuma ya duka ambako hata mchana huingia kwa kubisha hodi. Lilikuwa joto la mwili. Dobi Mdogo alipitisha kiganja mgongoni mwa koti akifuta vumbi, akakiondoa upesi, kama mtu aliyekalia kiti cha basi na kukuta aliyeshuka kamwachia joto lake. "Mh!" alisema peke yake. Kisha akajicheka, akarudi kwenye meza ya pasi, maana mashati ya hoteli hayamngoji mtu anayeshangaa makoti.

Tuelewane kwanza kuhusu koti hilo. Kila dobi duniani ana nguo za wasiorudi. Mtu analeta suti yake, anaambiwa njoo Alhamisi, Alhamisi inapita na mwenyewe haonekani. Labda kahama, labda kafungwa, labda kanenepa na kaona haya, labda kafa. Nguo inabaki. Mzee aliyeanzisha duka lile, ambaye sasa ni marehemu, aliwaachia binti zake sheria ya kazi: nguo ya asiyerudi haivaliwi, haiuzwi, haitolewi sadaka. Inafuliwa, inatundikwa, inasubiri. Alikuwa akisema kwamba aibu ya kukutana na mtu njiani nawe umevaa suruali yake haina pa kuifichia. Basi kulikuwa na bomba refu la chuma nyuma ya duka, limejaa magauni, suruali na sare za watu ambao hakuna aliyewakumbuka, na mwisho kabisa, ukutani, lilining'inia koti jeusi, refu, zito, lenye mifuko mingi kuliko mahitaji ya binadamu mwaminifu.

Binti wenyewe walikuwa wawili, tumbo moja, na wateja waliwaita Dobi Mkubwa na Dobi Mdogo. Mkubwa alipokea nguo, akapekua mifuko, akaloweka, akafua, akapeleka mizigo hotelini. Mdogo alipiga pasi. Na alijua kupiga pasi! Kola iliyopita mikononi mwake ilimfanya hata mlevi wa mtaa aonekane mhasibu. Kulikuwa na mwalimu mmoja mjane, mpole, ambaye alileta shati moja moja ili apate sababu ya kurudi, na kila mtu alijua kwamba hakufuata kola. Alimfuata Dobi Mkubwa, ambaye naye, kila mwalimu alipoingia, alisahau bei za kazi yake mwenyewe.

Sasa, Dobi Mdogo alikuwa na ugonjwa, na mtaa mzima ulijua. Ulimwanza akiwa msichana, baada ya mama yao kufariki. Aliwasikia watu wakisema naye wakati chumbani hamna mtu. Msimu mwingine huzuni ilimwangukia, akalala ameelekea ukutani, haogi, hasemi, machozi yanateremka bila kilio. Mashangazi walisema ni jini. Majirani walisema ni bangi, ingawa hakuwahi hata kuvuta sigara. Daktari mmoja wa hospitali, mwanamke mwenye maneno machache, alisema ni maradhi ya akili kama yalivyo maradhi ya figo, akamwandikia kidonge cheupe, kidogo, cha kila jioni. Akaweka sharti. "Hiki kinamezwa na chakula. Sisemi chai, sisemi tunda. Chakula cha mtu kushiba. Ukimeza tumbo tupu, dawa nyingi inapita bure, na utakuja kuniambia kwamba haifanyi kazi."

Siku zile mbaya sauti zilimwambia Dobi Mdogo kwamba kidonge ni sumu. Hakutaka hata kuona paketi yake. Kitu pekee alichokiamini duniani kilikuwa kiganja cha dada yake. Basi Dobi Mkubwa alipika, akaandaa sahani, akakiweka kidonge kiganjani mwake na kunyoosha mkono, na mdogo wake akakiokota pale kwa vidole viwili na kumeza. Jioni baada ya jioni, sauti zikafifia, huzuni ikanyanyuka, akili ikarudi nyumbani kwake. Miaka ikapita. Dobi Mdogo angeweza kabisa kufungua paketi yake mwenyewe, mtu mzima yule, lakini desturi ikabaki. Mkono ule ulikuwa nusu ya dawa, na hakuna kitu alichokipenda zaidi ya dakika ile ya jioni, wali unafuka moshi, na dada yake ananyoosha mkono huku anaongea mambo mengine kabisa.

Siku mbili tatu baada ya joto la koti, ikaja harufu.

Ilikuwa harufu ya kitambaa kinachoungua, na kwa dobi hiyo ni harufu ya maafa. Dobi Mdogo aliinyanyua pasi juu. Shati lilikuwa zima. Akaikagua waya, akanusa soketi, akafungua mlango wa nyuma akatazama jalalani. Hamna moto, hamna moshi. Kesho yake adhuhuri, Dobi Mkubwa akiwa amepeleka shuka hotelini, harufu ikarudi, na safari hii ilikuwa na mahali ilipotoka. Ilitoka kwenye kona ya wasiorudi. Na vitundikio kwenye bomba vilikuwa vinagongana taratibu, tik, tik, ilhali feni ilikuwa imezimwa.

"Tone," ikasema sauti.

Dobi Mdogo hakugeuka. Tone lilikuwa jina la utotoni, kwa kuwa alizaliwa kadogo hata mkunga akacheka, na aliyelitumia alikuwa mama yao peke yake, na mama aliondoka nalo. Lakini sauti haikuwa ya mama. Ilikuwa kavu, haina jinsia, karibu mno, kama vile anayesema amejibanza kwenye mvuke uliokuwa ukipanda kutoka kwenye shati, na Dobi Mdogo alisimama pale na pasi mkononi, jasho likimtiririka mgongoni, akijiambia kwamba hakusikia, kwamba ni redio ya jirani, kwamba ni njaa, kwamba miaka yote ile haiwezi kufutika kwa neno moja, na huku akijiambia hayo vitundikio viliendelea kugongana kimoja baada ya kingine, kuanzia ukutani kuja upande wake, kana kwamba mtu anapita katikati ya nguo zile akizigusa mabega. Kisha mteja akaingia na kusema, "Hodi dobi, suruali yangu tayari?" Kila kitu kikanyamaza. Chini ya pasi, shati la hoteli lilikuwa limeungua kweli.

Jioni, wakifunga duka, alisema kwa kunong'ona.

"Dada."

"Nini, mdogo wangu?"

"Nimesikia."

Dobi Mkubwa alikuwa ameshika kufuli. Akalishika tu, hakulifunga. "Umesikia nini?"

"Naitwa. Kwa lile jina aliloniita mama. Na kuna harufu."

Dada wa siku zote angemshika mkono, angesema kesho asubuhi hospitali, hata tukifunga duka. Huyu wa leo alisogea karibu, akauliza upesi upesi, "Inatoka wapi? Inasema inataka nini?" Na machoni mwake hamkuwa na hofu. Mlikuwa na kitu ambacho Dobi Mdogo alikijua kazini: macho ya mtu aliyeloweka nguo kwenye dawa ya madoa, akaiinua na kuona doa linaanza kuachia.

"Twende kwa daktari," alisema Dobi Mdogo.

"Tutakwenda. Haraka ya nini? Kwani dawa si unameza?"

"Wewe ndiye unayenipa."

"Basi."

Neno hilo lilimkaa Dobi Mdogo kifuani kama mfupa. Maana alianza kupiga hesabu ambayo hata mtu mzima wa akili angeipiga. Ikiwa dawa iko mwilini, na chakula anakula, na sauti bado inakuja, basi huu si ugonjwa. Ugonjwa una dawa, na dawa anaimeza. Mashangazi walikuwa sahihi. Miaka yote ile alipona kitu kingine, na hiki kilikuwa kimekaa kwenye kona kikimsubiri. Hakuna usiku wala mchana aliowahi kuogopa kama alivyoogopa hesabu hiyo.

Sauti ikawa inakuja kila adhuhuri, saa ambayo mtaa umelala na kivuli cha mtu kimejificha chini ya miguu yake. Mwanzoni iliita tu. Halafu ikasema, "Tone. Mwulize dada yako unameza nini."

Daktari alikuwa amemfundisha: usibishane nazo, usizitii, sauti ni waongo. Dobi Mdogo akasema kwa nguvu, mbele ya rundo la foronya, "Sikusikilizi. Wewe mwongo."

"Mwulize."

"Dada yangu kanilea mimi. Wewe nani alikulea?"

Vitundikio vikagongana vyote kwa pamoja. Pengine kilikuwa kicheko.

Naye hakumwuliza dada. Hapo ndipo moyo wangu unaponiuma ninapoisimulia hadithi hii. Alikonda, akaunguza nguo za watu, akaanza tena kulala ameelekea ukutani, na bado kila siku alisimama mbele ya koti lile akimtetea dada yake kama wakili asiyelipwa. Jioni moja tu alikitazama kidonge kwa muda kabla ya kukiokota.

"Dada, mbona hiki kimekuwa kikubwa?"

"Kiwanda kimebadilisha," alisema Dobi Mkubwa, hakupepesa macho. "Kula, chakula kinapoa."

Dobi Mdogo akakiokota kwenye kiganja, akameza. Halafu akaona aibu. "Nisamehe," akasema. "Hii sauti inanitia maneno mabaya juu yako."

"Maneno gani?"

"Hata sitaki kuyasema."

Dobi Mkubwa aliinuka ghafla akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Jumapili, duka likiwa limefungwa, Dobi Mkubwa akaleta mgeni. Watu walimwita Mtaalamu. Alikuwa mteja wao wa siku nyingi, mnene, mwenye kunukia, na kanzu nyeupe aliyoivaa kwa ajili ya kumtoa jini ilikuwa imepigwa pasi na Dobi Mdogo mwenyewe wiki ile ile. Jini halitoki kwa kanzu yenye makunyanzi, bila shaka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafukiza vitu vyake kwenye kopo, akaamuru madirisha yafungwe.

"Limeamka sawasawa?" alimnong'oneza Dobi Mkubwa.

"Limeamka. Kila adhuhuri."

"Nilikwambia. Jini halitolewi likiwa limelala. Mpaka liamshwe."

Dobi Mdogo alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, na aliyasikia maneno hayo, lakini yalipita sikioni bila kupata pa kukaa. Alikuwa amechoka mno. Alimshika dada yake vidole. "Usiniache hapa peke yangu na huyu," alisema.

"Siendi popote. Leo linakwisha, mdogo wangu. Leo unapona kabisa kabisa."

Mtaalamu akaanza. Aliimba, akapiga makofi, akatikisa kopo, moshi ukajaa mpaka rafu za nguo zikaonekana kama zinaogelea. Adhuhuri ikafika. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda, ikaumeza ubani wote, na Mtaalamu, aliyeona kazi yake inaitika, alisimama kwa fahari akapaza sauti.

"Wewe uliyemo ndani ya binti huyu! Toka!"

"Nitoke wapi?" ikasema sauti. "Simo ndani yake."

Mtaalamu akashusha kopo lake. Alimtazama Dobi Mdogo, na midomo ya Dobi Mdogo ilikuwa imefungwa. Akamtazama Dobi Mkubwa, naye alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ndipo Dobi Mdogo alipojua kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti aliyoisikia yeye ilikuwa imesikika na wengine.

"Nilikuwa nimelala," ikasema sauti kutoka kwenye kona, bila hasira, kama mpangaji anayelalamikia kelele. "Miaka mingi nimelala vizuri. Mwulizeni aliyeniamsha. Dobi Mkubwa, waambie. Hutaki? Basi mimi ni nguo chafu tu. Pekueni mifuko."

Na koti jeusi likasogea kwenye bomba, peke yake, likikwaruza chuma, likisukuma magauni na sare za watu wasiorudi, likaja taratibu mpaka mwisho wa bomba, likasimama pale likiyumba mbele yao watatu, mikono yake miwili mitupu ikiwa imening'inia kama mtu anayesubiri kukaguliwa.

Mtaalamu hakuaga. Alipita mlangoni pamoja na pazia la mlango, na kiatu kimoja kilibaki ndani. Hajaja kukidai mpaka leo.

Dobi Mdogo aliinuka. Hofu ilikuwa ipo, lakini mikono ya kazi ina akili yake yenyewe, na mikono ya dobi ikiambiwa pekua, inapekua. Akanyoosha mkono kwenye koti.

"Usiguse!" Dobi Mkubwa alipiga kelele. "Nakuomba, usiguse hilo koti!"

Kelele ile ndiyo iliyomaliza kila kitu. Dobi Mdogo alimtazama dada yake, akaelewa kwamba dada haliogopi jini. Anauogopa mfuko.

Akapekua wa nje wa kulia, wa nje wa kushoto, wa kifuani. Yote ilikuwa mitupu. Akafungua koti, akaingiza vidole kwenye mfuko wa ndani, ule mrefu, ambao hakuna mtu angeupekua tena kwa sababu koti lilishafuliwa zamani, na nguo iliyofuliwa haipekuliwi. Vidole vikakuta kitu kinachokwaruza. Akavitoa. Zilikuwa karatasi za dawa, zile za rangi ya fedha, moja juu ya nyingine, zimefungwa kwa mpira. Vidonge vyote vimo, vidogo, vyeupe, hakuna hata kimoja kilichotolewa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sidhani kama walikuwa wanamfikiria dobi, lakini walimpata.

"Nilikuwa nameza nini?" aliuliza Dobi Mdogo. Alisema polepole, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyomwagikiwa sabuni.

"Vya mifupa. Vya kuimarisha mifupa tu. Havina madhara, niliuliza."

"Dada."

"Mtaalamu alisema dawa inalilaza, hailitoi! Alisema utaishi nalo mpaka kufa. Nilitaka litoke mara moja, mdogo wangu. Nilitaka upone."

"Mimi nilikuwa nimepona."

Dobi Mkubwa alikaa kwenye kiti cha wateja. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyeubeba mzigo mpaka akauchukia. "Mama yake mwalimu amekataa. Kasema hachukui mkwe kwenye nyumba yenye jini. Nimekaa na wewe tangu mama afe. Kila jioni nakunyooshea mkono. Ujana wangu wote umeishia kwenye hiki kiganja. Nani aliniuliza kama nimechoka?"

"Ungeniambia umechoka. Ningekula mwenyewe. Ningemeza mwenyewe."

"Nilidhani..."

"Nilikuwa nakutetea!" Hapo Dobi Mdogo alilia, kilio cha kwanza chenye sauti tangu utoto wake. "Kila siku linaniambia, na mimi nasimama pale nakutetea. Nikakuomba msamaha! Umekishika kile kidonge mkononi, Dada, ukaniambia nile chakula kinapoa, na mimi nikakuomba msamaha."

Dobi Mkubwa aliinuka, akaanza kufungua madirisha, moja moja.

Asubuhi Dobi Mdogo alikwenda hospitali peke yake, amezishika karatasi zile za dawa mkononi, akamweleza daktari kila kitu isipokuwa koti. Daktari hakupiga kelele. Aliuliza maswali yake machache, akapanga upya kiasi cha dawa, akasisitiza lile sharti lake la chakula, akampa siku ya kurudi. Kuanzia siku hiyo Dobi Mdogo alipika mwenyewe. Alikula, akashiba, akafungua paketi kwa kucha zake, akameza. Alipiga pasi tena bila kuunguza. Usingizi ukarudi, huzuni ikaanza kuachia taratibu.

Sauti nayo ilififia, kila adhuhuri ikawa mbali zaidi. Siku ya mwisho alipoisikia ilikuwa kama mtu anayesema kutoka nyumba ya tatu.

"Tone. Mimi nimekudanganya lini?"

Dobi Mdogo alisimama na pasi juu, na kwa aibu yake kubwa alitafuta jibu asilipate. Katika nyumba ile, kati ya aliyeshirikiana naye tumbo na huyu asiye na mwili, aliyemwambia kweli alikuwa huyu. Alitamani iwe kinyume. Angetoa mkono wake wa kulia, ule wa pasi, ili iwe kinyume. "Nenda," akasema. Na baada ya hapo adhuhuri ikawa adhuhuri tu, ina joto na nzi.

Ndugu wale hawakutengana. Wangekwenda wapi? Duka ni moja, paa ni moja. Walisalimiana, wakasaidiana kukunja shuka, kila mmoja na pembe zake mbili. Mwalimu alikoma kuleta mashati. Dobi Mkubwa alizeeka mbele ya macho ya wateja, na Dobi Mdogo, ambaye moyo wake haukuwa wa jiwe, alianza kumpikia. Jioni waliketi meza moja, sahani mbili, wakala kimya. Ilikuwa ni mwanzo, alijiambia. Damu haifuliwi ikatoka.

Jioni moja Dobi Mkubwa hakushika kijiko.

"Hujisikii vizuri, Dada?"

"Niko mzima."

"Mbona huli? Hata jana hukula."

Dobi Mkubwa alikitazama chakula kwa muda mrefu. Alikuwa amekonda kwenye mashavu. Aliinama mbele, akanong'ona, ingawa nyumbani hamkuwa na mtu wa tatu. "Umeniwekea nini humu?"

"Nini?"

"Linasema umeniwekea kitu. Linasema unataka kunilipa."

Dobi Mdogo aliweka kijiko chini. Alisikiliza. Alisikiliza kwa nguvu zake zote, kwa masikio yale yale yaliyomtesa nusu ya maisha yake, na hakusikia kitu ila maji yakidondoka kwenye sinki. "Dada, sikiliza. Tangu lini linasema na wewe?"

"Tangu lilipoacha kusema na wewe."

"Linadanganya. Tazama." Alivuta sahani ya dada yake, akachota kijiko kilichojaa, akala, akachota kingine, akala. "Unaona? Hamna kitu. Kesho asubuhi twende wote kwa daktari. Nitakushika mkono mimi mwenyewe. Dada, linadanganya."

"Wewe lilikudanganya?"

Kijiko kikabaki hewani. Dobi Mdogo alifungua mdomo, na maneno yote ya daktari, yote ya mashangazi, yote ya busara aliyokuwa nayo yalimkimbia, kwa sababu aliyemfundisha dada yake kuiamini sauti ile alikuwa yeye, siku alipoingiza mkono kwenye mfuko wa koti na kukuta kweli.

"Kula, Dada," alisema, na akasikia jinsi neno hilo lilivyotoka. "Nakuomba."

Dobi Mkubwa aliisukuma sahani. Mdogo wake alimaliza chakula chake peke yake, tonge kwa tonge, huku machozi yakiingia sahanini, kwa sababu dawa haifanyi kazi kwenye tumbo tupu. Akafungua paketi, akameza kidonge, akanywa maji. Ng'ambo ya meza dada yake hakuwa anamtazama tena. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo kuelekea ukutani, ametulia kabisa, anasikiliza, na baada ya muda akaitikia kwa kichwa.